Kigae si kinga ya maji: Ukuta wa bafu huandaliwa kabla ya kubandika

Na Mwandishi Maalumu, Endiinzi

UKIPITA Endiinzi siku hizi, mji mdogo wa Wilaya ya Isingiro ulio jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, utaona jambo ambalo zamani lilikuwa la watu wa Mbarara mjini peke yao. Nyumba za kupangisha zinajengwa zikiwa na bafu ndani, tangi la maji limewekwa juu ya mnara, na ukutani vigae vinang'aa. Mpangaji haulizi tena ukubwa wa chumba. Anauliza kama bafu liko ndani na kama lina vigae.

Hayo ni maendeleo na hakuna wa kuyabeza. Sisi tuliokulia Nakivale tulioga nyuma ya turubai lililozungushiwa miti minne, kwa maji ya nusu ndoo, miguu ikiwa juu ya jiwe bapa ili tusikanyage tope. Lakini turubai lile lilikuwa na sifa moja: maji hayakulipita. Leo tumejenga mabafu ya matofali na vigae vya fedha nyingi, na maji yanapita.

Makala haya yanahusu kile kilicho nyuma ya kigae. Nimeyaandika kwa ajili ya ndugu zangu waliorudi nyumbani na wanaojenga kwa akiba ya miaka mingi, na kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka wakiwa na saruji, vigae na mabomba. Wote wawili wanapoteza fedha kwa sababu moja, nayo ni kudhani kwamba kigae kikishabandikwa, kazi ya kuzuia maji imekwisha.

Kigae hakizuii maji

Kigae kinawekwa ukutani ili ukuta uwe msafi, uoshwe kwa urahisi na upendeze. Kati ya kigae na kigae kuna mstari wa grauti, na grauti ya kawaida ni saruji na mchanga laini. Ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji ya kuoga yakiipiga kila asubuhi na kila jioni, hupenya. Yakishaingia nyuma ya kigae hayana njia ya kutoka upesi, kwa kuwa kigae chenyewe kimeyafunika.

Plasta nayo haizuii. Chukua kipande cha tofali la kuchoma, kisimamishe kwenye sahani yenye maji kidogo. Baada ya muda utaona maji yamepanda juu pasipo mtu kuyasukuma, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Jaribio hili nimelifanya darasani mara nyingi, na watoto hulielewa kabla sijamaliza kueleza. Tofali, udongo na plasta vina njia nyembamba zinazovuta maji kwenda juu na pembeni, hadi upande wa pili wa ukuta.

Dalili zake zinajulikana. Rangi ya chumba cha pili huvimba na kupukutika. Unga mweupe hutokea ukutani. Hizo ni chumvi za tofali na za saruji zilizoyeyushwa na maji, na maji yanapokauka zenyewe hubaki. Kisha huja madoa meusi na harufu ya ukungu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likauhusisha na maradhi ya kupumua na pumu. Kwa hiyo suala hili si la urembo peke yake. Mtoto anayelala kando ya ukuta ule ndiye anayelipa.

Chumba cha tatu

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwa waliopokelewa mwanzo ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Wengi wetu, watoto na wajukuu wao, tulirudi Rwanda baada ya mwaka 1994. Shangazi yangu hakurudi. Alikuwa ameshajenga maisha Endiinzi, akabaki.

Miaka michache iliyopita mwanawe aliye Marekani alimtumia fedha, akajenga vyumba vitatu vya kupangisha, kila kimoja na bafu lake. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni yake, hana nyingine. Nilipomtembelea wakati wa likizo nilikuta chumba cha tatu kitupu. Aliyekuwa akiishi humo, muuguzi mwenye mtoto mdogo, alihama kwa sababu ukuta ulio kando ya kitanda ulikuwa umelowa tangu msimu wa kiangazi, wakati hakuna hata tone la mvua. Bafuni vigae vitano vilikuwa vimeanguka, na vingine vilitoa sauti ya debe tupu ukivigonga.

Fundi aliyejenga alisema vigae vilikuwa vibovu. Muuza vigae alisema fundi ndiye mbovu. Shangazi alikaa katikati yao, akisikiliza.

Tuliita fundi mwingine, mzee mmoja kutoka Mbarara, akabomoa sehemu ndogo ili tuone. Nyuma ya kila kigae kulikuwa na vitonge vitano vya saruji, vinne pembeni na kimoja katikati, na kwingine pote uwazi uliojaa maji. Chini ya vitonge plasta ilikuwa imepigwa niru, laini kama kioo, na saruji ya kubandikia haikupata pa kushika. Ndani zaidi, matofali ya kuchoma yalikuwa yameunganishwa kwa udongo, na udongo ule umekuwa uji. Bomba lilipimwa, halikuvuja. Maji yote yale yalikuwa ya kuoga.

Kulikuwa na mpangaji mpya aliyekwisha kulipa kodi ya mwezi na alitaka kuingia Jumatatu. Shangazi aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hatuwezi kuvirudishia vile vitano tukapaka simenti nyeupe, huyu mtu aingie?"

Fundi mzee alijibu kabla yangu. "Mama, vigae nitavirudisha kwa siku mbili. Ukuta nitautengeneza kwa zaidi ya mwezi. Chagua wewe."

Kwa mtu anayeishi kwa kodi, mwezi mzima bila mpangaji si jambo dogo. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaenda ndani, akatoa fedha za yule mpangaji na kumrudishia. Hatua zinazofuata hapa chini ndizo zilizofuatwa katika chumba kile, na ndizo zinazofaa kila bafu la matofali katika nchi zetu.

Ujue kwanza ukuta wako ni wa namna gani

Ukuta wa miti na udongo, au wa matofali mabichi ambayo kwetu tunayaita rukarakara, haufai kubeba bafu la manyunyu. Udongo ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na plasta ya saruji juu yake hubanduka kama ganda la ndizi. Hatari zaidi ni kwamba mistari ya chini ya matofali ndiyo inayobeba ukuta wote na paa. Ikilegea, nyumba inakaa juu ya tope. Mwenye nyumba ya namna hiyo ni afadhali ajenge bafu nje, au ajenge kuta za bafu peke yake kwa matofali ya kuchoma au ya saruji, juu ya msingi wake wa mawe, huku karatasi ya kuzuia unyevu ikiwekwa kati ya msingi na tofali la kwanza.

Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo ni wa kawaida sana vijijini kwetu, kwa kuwa unapunguza gharama ya saruji. Huu unaweza kuokolewa ikiwa bado haujalowa sana. Kwangua udongo wa maungio kwa kina cha sentimita mbili hivi, piga brashi, nyunyizia maji, kisha jaza kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji na nne za mchanga. Pigilia wavu wa waya, ule unaotumika kwenye mabanda ya kuku, ili plasta ipate pa kushika. Matofali yaliyolegea kabisa yatolewe na kujengwa upya kwa saruji, kama ilivyofanywa kwa shangazi katika mistari minne ya chini.

Ukuta wa matofali ya kuchoma au ya saruji uliojengwa kwa saruji tangu mwanzo ndio bora. Hata hivyo nao unahitaji maandalizi.

Kuandaa ukuta hatua kwa hatua

Kwanza ni mabomba. Yafunge ncha, fungulia maji ya tangi na yaache na mgandamizo wake kwa siku nzima kabla ya kuyafunika. Kiungo kinachotoa tone moja kwa dakika kitatoa ndoo nzima kwa mwaka, nawe hutakiona tena.

Pili ni usafi. Rangi ya mafuta, niru, masizi na vumbi vyote vitolewe. Gonga plasta ya zamani kwa mpini wa nyundo. Inapotoa sauti ya uwazi ibomoe hadi kwenye tofali. Iliyo imara lakini laini ichongwe kwa tindo vishimo vingi vidogo, ili iwe na makovu ya kushikia.

Tatu ni mchanga. Mchanga wenye udongo mwingi ni adui wa plasta, na mchanga wa kando ya ziwa au wa bondeni mara nyingi huwa nao. Pima hivi: tia mchanga hadi nusu ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie kwa saa kadhaa. Mchanga hukaa chini, na udongo laini hukaa juu yake kama tabaka la kahawa. Tabaka hilo likiwa nene, tuseme limezidi sehemu moja kati ya kumi na mbili za mchanga, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine.

Nne ni mrusho. Lowesha ukuta, kisha urushie kwa mwiko mchanganyiko mwepesi wa sehemu moja ya saruji na mbili za mchanga, ubaki na vinundu. Usiusawazishe. Uache kwa siku moja ukiunyunyizia maji. Vinundu hivyo ndivyo vitakavyoishika plasta.

Tano ni plasta yenyewe, sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga, unene wa milimita 12 hadi 15. Tumia timazi na ubao mnyoofu wa mita mbili, maana kigae hakifichi ukuta uliopinda. Malizia kwa ubao wa kusawazishia, ibaki na ukwaru. Niru hapana. Jasi pia hapana, kwa sababu hulainika ikipata maji.

Sita ni maji ya kukuzia saruji. Watu husema saruji inakauka, lakini kwa kweli inashika, na inashika kwa kuungana na maji. Jua na upepo wa Isingiro huyanyonya maji hayo kabla kazi haijaisha, na plasta hubaki na nyufa nyembamba kama nywele. Nyunyizia asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, au tundika magunia yaliyolowa. Najua kwamba huku kwetu maji hununuliwa kwa dumu, na wengi huona ni hasara kuyamwaga ukutani. Lakini madumu hayo ni rahisi kuliko plasta ya pili. Baada ya siku saba acha ukuta upumzike. Siku 28 tangu kupiga plasta ndicho kipimo ambacho mafundi na wahandisi wamezoea.

Sakafu nayo iwe na mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Pale ukuta unapokutana na sakafu, weka saruji ya kuviringa kidogo badala ya kona kali.

Mkono wa kuzuia maji

Hapa ndipo wengi huruka. Madukani kuna vitu vya aina tatu vinavyoitwa vya kuzuia maji, na havifanyi kazi moja.

Aina ya kwanza ni unga wa pakiti unaochanganywa na saruji ya plasta. Unasaidia kupunguza vitundu, lakini plasta ikipata ufa, maji yanapita kwenye ufa huo. Ni msaada, hautoshi peke yake.

Aina ya pili ni unga wa saruji maalumu unaochanganywa na maji yake meupe yanayofanana na maziwa. Vikiungana hupakwa kwa brashi na kuwa tabaka linalonyumbuka kidogo. Hili linafaa sana kwa kuta zetu za matofali, na kigae hushika vizuri juu yake. Ukuta uloweshwe kidogo kabla ya kupaka, usiwe na maji yanayotiririka.

Aina ya tatu ni kimiminika kama rangi nzito ambacho kikikauka huwa kama mpira. Hiki kinataka ukuta mkavu kabisa. Soma maelekezo ya chombo chenyewe, kwa sababu kila kiwanda kina masharti yake.

Lami, ambayo baadhi ya mafundi hupenda kwa kuwa ni rahisi, ibaki kwenye msingi. Kigae hakishiki juu ya lami. Wala usitandaze nailoni ukutani kisha ukapiga plasta juu yake. Plasta itaanguka yote kwa mkupuo mmoja.

Kupaka kwenyewe kunaanza kwenye kona. Kona zote, za ukuta kwa ukuta na za ukuta kwa sakafu, zipakwe kwanza na kubandikwa utepe wa kitambaa uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Mahali mabomba yanapotokeza ukutani na kuzunguka tundu la sakafuni pafanyiwe vivyo hivyo. Ukuta hauvuji katikati mara nyingi. Huvuja kwenye kona na kwenye tundu, kwa sababu hapo ndipo vitu viwili tofauti hukutana na kila kimoja husogea kivyake.

Kisha paka ukuta wote unaopigwa na maji, hadi mita mbili kwenda juu, au juu kidogo ya manyunyu yenyewe. Paka sakafu yote, na kwenye kuta zisizopigwa na maji panda angalau sentimita 15 kutoka chini. Mkono wa kwanza upite kwa kulala, wa pili kwa kusimama, ili brashi ya pili izibe kilichoachwa na ya kwanza. Usiongeze maji ili dawa iwe nyingi. Ukiona tofali kupitia kwenye dawa, dawa ni nyembamba.

Ikishashika, kwa muda uliotajwa kwenye mfuko, fanya jaribio. Ziba tundu la kutolea maji, weka kizuizi mlangoni, jaza maji sakafuni kimo cha sentimita tatu hivi. Piga alama kwa penseli kwenye usawa wa maji, uache saa 24. Maji yakishuka chini ya alama kwa kiasi kisichoelezeka kwa joto la kawaida, au chumba cha pili kikionyesha unyevu, kuna mahali panapovuja. Katika bafu la shangazi maji yalishuka. Fundi mzee alikwangua kuzunguka tundu la sakafuni, akabandika utepe upya, akapaka tena mikono miwili. Mara ya pili maji yalibaki kwenye alama. Kama vigae vingekuwa vimeshabandikwa, kosa hilo lingeonekana baada ya miezi, upande wa pili wa ukuta. Mwezi uliofuata chumba kilipata mpangaji, na ukuta wa kando ya kitanda ni mkavu.

Kubandika

Tumia gundi ya vigae ya unga iliyoandikwa kwamba inafaa sehemu za maji. Isambaze kwa mwiko wenye meno, mistari ielekee upande mmoja, kisha kandamiza kigae ukikisogeza kidogo. Kila baada ya vigae kadhaa bandua kimoja utazame mgongo wake. Bafuni mgongo wote, au karibu wote, unapaswa kuwa na gundi. Vile vitonge vitano ni visima vidogo vya kuwekea maji. Kwa vigae vikubwa paka gundi na mgongoni pia.

Vigae vinavyobandikwa kwa saruji na mchanga huloweshwa kwanza. Vya gundi visiloweshwe. Acha nafasi ya milimita mbili hadi tatu kati yake. Weka grauti baada ya siku moja. Kwenye kona usiweke grauti, weka silikoni, kwa kuwa kona husogea na grauti haisogei. Kisha funga mlango kwa siku kadhaa kabla mtu hajaoga.

Wenzetu walifanyaje?

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Huko Kilwa Kisiwani, jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman lilikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane. Zanzibar ina Hamamni, bafu la watu wote lililojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Mafundi wa Pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na kupaka plasta ya chokaa. Huko Moroko chokaa ya bafuni husuguliwa kwa jiwe na sabuni ya mafuta ya zeituni mpaka maji yateleze juu yake. Hawa wote hawakuwa na gundi ya kiwandani, lakini walijua kwamba uso wa ukuta ndio unaopambana na maji, na waliupa muda.

Mtoto wa shangazi alipiga simu akashauri tutafute mbao za saruji, kwa sababu huko Marekani anakofanya kazi za ujenzi ndizo zinazowekwa nyuma ya vigae. Ushauri wake ni sahihi kwa nyumba za huko, ambazo kuta zake ni fremu za mbao. Zamani waliweka mbao za jasi bafuni, zikaoza. Sisi tuna tofali, na plasta nzuri inatosha kuwa mahali pa mbao hizo. Lakini hata huko ubao wa saruji peke yake hauzuii maji. Nao hupakwa au kufunikwa tabaka la kuzuia maji kabla ya kigae. Nyumba ni tofauti, somo ni moja.

Kwa wanaovuka mpaka

Mfanyabiashara wa Kagitumba na Mirama Hills, wa Murongo na Kikagati, au wa Mutukula, nawe una nafasi yako. Wateja wanaulizia vigae, lakini maduka mengi madogo hayana utepe wa kona, hayana dawa ya kupaka, hayana hata mwiko wa meno. Anayeviweka pamoja na kumweleza mteja matumizi yake anauza mara mbili.

Yafaa kuyajua mambo manne. Kwanza, vigae havilingani. Kwa viwango vya kimataifa, kigae cha poseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali kigae chepesi cha ukutani kinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10. Dondoshea tone la maji mgongoni mwa kigae uone linavyomezwa. Chepesi kinafaa ukutani, lakini kisiwekwe sakafuni bafuni.

Pili, saruji huharibika ghalani. Unyevu wa hewa huanza kuishika ikiwa mfukoni, na ikikaa miezi mitatu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya kwanza kuingia iwe ya kwanza kutoka.

Tatu, ile dawa ya unga na maji meupe ni kitu kimoja kilichogawanywa. Usiuze unga peke yake ukamwacha mteja aende kuuchanganya na maji ya kisima.

Nne, chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti chepesi cha asili kinachotolewa mpakani bila ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki. Anayepita njia za panya kwa mifuko michache ya saruji anahatarisha mtaji wake bila sababu.

Hesabu ya bafu moja

Tuchukue sehemu ya kuogea yenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 1, kuta tatu, kimo mita 2. Kuta ni mita za mraba 6.4 na sakafu 1.2, jumla 7.6. Plasta ya kuta itakula mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na madumu saba ya lita 20 ya mchanga. Ukiongeza mrusho na sakafu, weka mifuko miwili. Dawa ya saruji ya kupaka kwa kawaida huhitaji kilo 3 hivi kwa mita moja ya mraba kwa mikono miwili, yaani kilo 23. Vigae nunua mita za mraba 8.4, ili asilimia 10 iwe ya kukata na kuvunjika, na vyote viwe vya toleo moja, maana rangi hutofautiana.

Ukiangalia hesabu hiyo utaona kwamba dawa ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachogharimu hasa ni siku za kusubiri, na hizo ndizo fundi mwenye haraka huziiba.

Kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi, hata kwenye daftari la shule, kwamba malipo yatagawanywa: sehemu baada ya plasta, sehemu baada ya jaribio la maji la saa 24, na ya mwisho baada ya vigae. Nawe ndugu uliye ng'ambo unayetuma fedha, usiridhike na picha ya bafu linalong'aa. Omba picha ya ukuta kabla ya vigae, picha ya kona zenye utepe, na picha ya maji yakiwa kwenye alama ya penseli. Anayefanya kazi vizuri hatachukia kukutumia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bafu, ufa wenyewe umefunikwa na kigae kizuri, na hauonekani mpaka ukuta umekwisha. Ndiyo maana huzibwa kabla.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesomea ukimbizini Nakivale, na sasa anafundisha Nyagatare, Rwanda.